Kipanya kinakutesa? Kachongeshe chako!

Msomaji wangu, ukisikia kipanya usikimbilie paka, wala usidhani nazungumzia zile Hiace za Dar za enzi zile. Nasema kipanya cha kompyuta, hicho kidude unachokisukuma kutwa nzima hotelini Shangani au kwenye stesheneri ya Darajani.

Kidude kidogo, lakini we acha tu! Kiganja kifudifudi, kifundo cha mkono kimekunjwa, saa nane mfululizo. Na hapo kifundoni mshipa wa fahamu unapita kwenye njia nyembamba kama kichochoro cha Mji Mkongwe. Ukibanwa, kidole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi, usiku unaamka kuukung'uta mkono.

Tatizo jingine ni saizi. Kiganja cha dada wa mapokezi na cha baharia wa Malindi si kimoja, ila dukani wote wanapewa kipanya kilekile.

Sasa usicheke: katika mji wa milango ya nakshi, chako si unachongesha tu! Hata kipanya cha kwanza kilikuwa cha mbao. Mmarekani Douglas Engelbart alikibuni, mwenzake Bill English akakiunda mwaka 1964: kipande cha mbao, magurudumu mawili chini, kitufe kimoja juu. Basi.

Fanya hivi. Kanda udongo wa mfinyanzi, ushike kama unampa mtu mkono, kidole gumba kikiwa juu. Alama ya kiganja chako ndiyo ramani. Ukikauka, mpelekee seremala akuchongee umbo hilohilo kwa mbao ya mfenesi au msaji, ndani aache uwazi.

Kisha nunua kipanya cha bei poa, ukifungue, utoe matumbo yake. Angalia hapa! Jicho la chini lisipande wala kushuka, hata milimita 1 ni nyingi. Mshale utagoma kwenda. Kwa hiyo kata kitako chake cha plastiki pamoja na bodi, ukipachike kizimakizima chini ya mbao. Swichi za kubofya fundi redio atazivuta kwa nyaya mpaka zilipo ncha za vidole vyako. Piga msasa, paka vanishi, kazi kwisha.

Ila ganzi ikiendelea, usijidanganye na mbao. Nenda Mnazi Mmoja ukamwone daktari. Kipanya kipya utakipata Darajani. Mkono mpya hauuzwi.