David Livingstone: Tabibu, Mmisionari na Mwandishi

Watahiniwa wengi wakiulizwa kuhusu David Livingstone huandika sentensi moja tu: alikuwa mmisionari na mpelelezi aliyeandaa njia ya ukoloni. Jibu hilo si la uongo, ila halitoshi. Linaacha kando kitu kikubwa alichotuachia, yaani maandishi yake, nayo maandishi yanahitaji kuchunguzwa kabla ya kuaminiwa.

Livingstone alizaliwa Blantyre, Scotland, mwaka 1813. Akiwa na umri wa miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba, huku akisoma usiku. Baadaye alisomea utabibu na dini, na mwaka 1841 akafika Afrika Kusini kama mmisionari. Katika kuhubiri hakupata wafuasi wengi. Katika utabibu alifanya vizuri zaidi: alitibu homa ya malaria kwa vidonge vyenye kwinini alivyochanganya mwenyewe. Kitabu chake cha mwaka 1857 kilinunuliwa sana Uingereza, na mwaka huohuo aliwahimiza wanafunzi wa Cambridge wafungue njia ya Ukristo na biashara barani Afrika. Wito huo ulizaa misheni ya UMCA, ambayo baadaye ilihamia Zanzibar. Ukitaka ushahidi wa hoja ya "wakala wa ukoloni", uchukue hapo.

Safari yake ya mwisho ilianzia Zanzibar mwaka 1866. Mwanzoni mwa mwaka 1867 sanduku lake la dawa liliibwa, tabibu akawa mgonjwa asiye na dawa. Alipofika Nyangwe, mashariki mwa Kongo, hata karatasi zilikuwa zimemwishia. Akawa anaandika juu ya gazeti kuukuu, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino wa majimaji ya mmea.

Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara wa utumwa na pembe waliufyatulia risasi umati sokoni Nyangwe. Wengi waliokuwapo sokoni walikuwa wanawake. Watu walijitupa katika mto Lualaba wakazama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaona kwa macho yake, akayaandika, na Stanley aliyemkuta Ujiji mwaka huo ndiye aliyezipeleka habari Ulaya.

Habari hizo ziliongeza shinikizo kwa serikali ya Uingereza. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar na kuzuia biashara ya watumwa baharini. Angalia hapa, maana wengi hupoteza alama: mkataba huo haukukomesha utumwa wenyewe. Zanzibar utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922.

Sasa fikiria hili. Livingstone aliandika habari za Nyangwe mara mbili: kwanza juu ya lile gazeti, kisha akazinakili upya katika daftari safi. Wino wa gazeti ulififia usisomeke hadi mwaka 2011, wataalamu walipoupiga picha kwa mwanga maalumu. Walipolinganisha, waliona tofauti. Maandishi ya kwanza ni makali zaidi juu ya watu wa msafara wake mwenyewe, na yanaibua shaka kwamba huenda baadhi yao walihusika. Katika nakala safi mambo hayo yamelainishwa. Kitabu kilichotolewa mwaka 1874 na rafiki yake, Horace Waller, kilitegemea nakala safi. Kwa hiyo ukiulizwa udhaifu wa vyanzo vya maandishi, unao mfano kamili.

Kitabu hichohicho kina pia masimulizi ya mdomo. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, na siku zake za mwisho hakuziandika. Tunazijua kupitia Chuma na Susi. Wao na wenzao waliuzika moyo wake hukohuko, wakaukausha mwili na kuubeba kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, mwisho wa barabara ileile inayotoka Mwenge kupitia Tegeta na Bunju. Walifika Februari 1874. Baadaye walikwenda Uingereza wakamsimulia Waller, naye akaandika. Jina juu ya jalada ni la Livingstone, lakini sura ya kifo chake ni ushahidi wa Waafrika hao wawili.