Garanti tuliyolipia tuidai yote

Juma hili tuzungumze juu ya karatasi ambayo wengi wetu tunaiweka chini ya godoro bila kuisoma: karatasi ya garanti.

Mama mmoja wa kikundi chetu hapa Bukavu alipata zamu yake ya likelemba, akanunua televisheni ya dola 240. Mwuzaji akamshauri aongeze dola 25 ili garanti ya mwaka mmoja iwe ya miaka miwili. Akalipa. Mwezi wa 16 picha ikapotea, sauti ikabaki. Dukani wakasema ni umeme wa kartieri ulioichoma. Aliporudi mara ya pili wakamtolea dola 90, eti kwa sababu imekwisha kutumika, na wakamtaka atie saini kwamba hadai tena kitu.

Hakutia saini. Alileta karatasi mkutanoni, tukaisoma mstari kwa mstari, Kifaransa na Kiswahili. Iliahidi kwamba televisheni isiyotengenezeka itabadilishwa kwa nyingine ya bei ile ile. Ilikataa hasara ya umeme, lakini hapakuwa na neno lolote la kupunguza bei kwa ajili ya matumizi.

Tukampeleka kwa fundi asiye wa duka lile. Alimulika kioo kwa tochi, na picha ikaonekana kwa mbali: taa ndogo za nyuma ya kioo ndizo zilizokufa. Akapima sehemu inayopokea umeme, akaikuta nzima. Hayo yote aliyaandika na kutia saini.

Kisha tukaandika barua, nakala mbili, na yetu ikapigwa muhuri wa duka na tarehe. Tuliuliza jambo moja tu: ni mstari gani unaowaruhusu kutoa dola 90? Baada ya majuma matatu walimpa dola 200. Zile 40 bado tunazidai, na barua ya pili imekwenda.

Tujue pia kwamba sheria ya Kongo juu ya mapatano, ya tarehe 30 Julai 1888, inamtaka mwuzaji ajibu juu ya kasoro iliyofichika ndani ya kitu alichouza. Mnunuzi anaweza kukirudisha apate bei yake, au abaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Lakini adai upesi, asikae.

Na wakikuambia, "Mama, lete kwanza bwana yako," kumbuka kwamba ruhusa ya mume iliyokuwa katika Sheria ya Jamaa ya 1987 iliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016.

Basi, mama wenzetu: tunza fakture pamoja na garanti, na uzipige picha kwa simu, maana wino wa fakture hufutika. Uliza ni nini garanti isichokubali kabla ya kutoa pesa za kuongeza. Wakikukatalia, omba waandike. Usitie saini siku ile ile. Sema unakwenda kusoma na wenzako.

Mkutano ujao, kila mmoja aje na karatasi zake. Tutazisoma pamoja.