Misukule wa Gettysburg

Jaladani kuna msichana mweusi mwenye gauni la karne ya 19 na mundu mkononi. Ndani, maiti wanafufuka na kula watu. Mtu mzima aliyekwisha kuchoshwa na filamu za namna hiyo angekirudisha kitabu rafuni bila kukifungua, na angekuwa amejipunja mwenyewe.

Dread Nation, riwaya ya vijana ya Mmarekani Justina Ireland, ilitoka mwaka 2018. Inaanzia mahali panapojulikana: Gettysburg, Pennsylvania, Julai 1863, ambako majeshi ya Kaskazini na Kusini yalipigana siku tatu na watu wapatao 50,000 wakauawa, wakajeruhiwa au wakapotea. Hadi hapo ni historia tupu. Kisha Ireland anawainua waliokufa, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vinakatika, kwa kuwa adui mpya hachagui sare.

Basi nani atumwe kuwakata vichwa? Sheria inapitishwa: watoto weusi na wa Wamarekani wa asili wachukuliwe, wafundishwe kupigana. Ndivyo Jane McKeene anavyojikuta katika shule moja ya wasichana huko Baltimore, akisomea mambo mawili kwa mpigo: kufyeka shingo ya maiti na kuandaa chai kiungwana. Akifaulu, atakuwa mlinzi wa bibi fulani wa Kizungu.

Jane ni mwongo, na uongo wake ni mtamu. Anamwandikia mama yake aliyeko Kentucky barua za adabu, kana kwamba yuko shule ya kushona vitambaa, ilhali msomaji ametoka kumwona akijipangusa damu. Shingoni ana senti ya bahati inayogeuka kuwa ya baridi hatari inapokaribia.

Msomaji wa Kiswahili ana neno lake tayari: msukule. Katika masimulizi ya Tanzania, msukule ni mtu aliyezikwa machoni pa watu, kumbe mchawi amemficha. Hukatwa ulimi, hulishwa pumba, hulimishwa usiku. Zombi wa Haiti naye ni hivyohivyo. Mtumwa wa mashamba ya miwa huko hakuogopa kufa. Aliogopa kuendelea kulima baada ya kufa. Ireland amelipindua jambo hilo. Kwake maiti hawatumwi na mtu, wanazurura watakavyo. Wanaotumikishwa ni walio hai.

Sura inayokaba koo zaidi haina hata msitu wala giza. Ni ukumbi wa mihadhara. Profesa anampandisha jukwaani mwanamume mweusi aliyedungwa chanjo, ang'atwe na maiti mbele ya waheshimiwa waliovaa vizuri, ili waone ilivyo salama. Haiko salama. Anayejua habari za Tuskegee, Alabama, hataweza kuisoma kama hadithi tu: kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwaacha mamia ya wanaume weusi waugue kaswende bila tiba, wataalamu wakiandika maendeleo ya ugonjwa.

Kitabu kina kasoro. Safari ikishafika Summerland, mji wa nyikani Kansas, wahusika wapya wanamiminika na mwendo unalegea. Bwana Redfern, Mmarekani wa asili anayemtumikia meya, anapita kama kivuli, wakati habari yake ingestahili sura kadhaa. Mwisho nao umeachwa wazi makusudi. Kitabu cha pili, Deathless Divide, kilifuata mwaka 2020.

Ila zile shule za watoto waliochukuliwa hazikubuniwa zote. Umbali wa kilomita 50 hivi kutoka Gettysburg, mjini Carlisle, kulikuwa na kambi ya jeshi ambayo wapiganaji wa Kusini waliichoma siku ileile mapigano yalipoanza. Mwaka 1879 ikageuzwa kuwa shule ya bweni ya watoto wa Wamarekani wa asili. Walinyolewa nywele, wakakatazwa lugha za kwao. Ota Kte, mtoto wa Kilakota aliyefika na kundi la kwanza, alisimulia baadaye jinsi alivyokabidhiwa fimbo mbele ya ubao uliojaa maandishi asiyoweza kuyasoma. Akaelekeza popote. Tangu hapo akaitwa Luther.