Kubadili Injini ya Gari: Sheria ya California

Askari wa usalama barabarani ainamapo chini ya boneti, kitambaa mkononi, akipangusa grisi ili asome namba ya injini, anatafuta jambo moja tu: je, namba ile ni sawa na iliyoandikwa katika kadi? Kwetu Afrika Mashariki namba ya injini huandikwa katika kadi ya gari pamoja na ile ya chesisi, na abadilishaye injini hana budi kuiarifu mamlaka ya usajili. Hofu yetu kubwa ni wizi. Katika jimbo la California, huko Marekani, swali ni jingine: injini hiyo itatoa moshi wa namna gani?

Jimbo hilo lilifundishwa na mateso. Mwezi wa Julai, mwaka 1943, mji wa Los Angeles ulifunikwa na utusitusi uliowachoma watu macho. Mji ule umekingwa na milima upande wa bara, basi hewa chafu haina pa kwenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu wa kemia, Arie Haagen-Smit, alionyesha kwamba moshi wa magari ukipigwa na jua ndio unaozaa balaa ile. Tangu mwaka 1984 magari hupimwa moshi kwa mpango maalumu, na lisilofaulu haliwezi kusajiliwa upya. Magari ya petroli ya mwaka 1975 na ya kabla yake yamesamehewa.

Sasa, ndugu msomaji, tumfikirie mtu mwenye gari la mwaka 1985 ambalo injini yake imekufa. Akifunga nyingine ya namna ile ile hapana matata. Hayo ni matengenezo tu. Lakini fundi anamwonyesha injini ya mwaka 1982, yenye nguvu zaidi na bei nafuu. Asithubutu! Injini haipasi kuwa ya mwaka uliotangulia ule wa gari, wala kutoka katika gari la daraja jingine, mathalani lori zito. Tena, gari lililoidhinishwa kwa masharti ya California halifungwi injini iliyoidhinishwa kwa majimbo mengine tu.

Akichagua ya mwaka 1995 ameanza vyema, ila hapo ndipo fedha hupotea. Injini haihami peke yake. Huhama na jamaa zake wote: chombo cha kusafisha moshi katika bomba la ekzosi, kifaa cha kupima oksijeni, kompyuta inayogawa petroli, hata kopo la mkaa linalonasa mvuke wa tangi. Aliyenunua injini tupu, akaviacha vifaa hivyo kwa kuviona takataka, atavitafuta kimoja kimoja, na huenda bei yake ikaipita ile ya injini yenyewe. Gari limelala uani, watoto wanakwenda shule kwa miguu.

Kazi ikimalizika, gari hupelekwa kwa mkaguzi maalumu ambaye huko huitwa Refa, kama yule wa mpira. Akiridhika hubandika lebo katika nguzo ya mlango, yenye orodha ya vifaa vya kudhibiti moshi ambavyo gari lile lapaswa kuwa navyo. Tangu hapo kituo chochote cha kupima moshi chaweza kulipima. Anunuaye gari lililobadilishwa injini na aufungue mlango kwanza, aisome lebo hiyo, ndipo amhesabie muuzaji fedha.