Kutoka pikseli 30,976 hadi bilioni 717

Picha kubwa kuliko zote niliyowahi kuifungua kwenye simu ina pikseli bilioni 717. Ilifunguka kabla chai yangu haijapoa. Siku hiyohiyo, kwa simu ileile na bando lilelile, nilisubiri picha ya chumba cha nyumba moja ya wageni ishuke. Ikaanza dari, ikafuata pangaboi, ikaja nusu ya neti. Kitanda sikukiona, maana nilichoka nikafunga. Ile ya bilioni 717 ni mchoro wa Rembrandt. Ile ya chumba nilikuwa nimeipandisha mwenyewe kwenye tovuti ya mteja wangu, siku za mwanzo za kazi hii ya tovuti, nikiamini kwamba kulinda ubora wa picha maana yake ni kuiacha kama ilivyotoka kwenye kamera.

Aibu hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kukusanya rekodi za picha, kama wengine wanavyoweka kichwani matokeo ya ligi.

Tuanze na ile ya bilioni 717. De Nachtwacht, mchoro wa mwaka 1642, uko Rijksmuseum, Amsterdam, na picha yake ilitolewa kwa umma Januari 2022. Kamera ya Hasselblad ya megapikseli 100 ilipiga picha 8,439, kila moja ikichukua kipande cha turubai cha sentimita 5.5 kwa 4.1, kisha vipande vyote vikaungwa. Matokeo yake ni picha yenye upana wa pikseli 925,000 na kimo cha 775,000. Pikseli moja ni sawa na maikromita 5 za mchoro wenyewe, yaani ni ndogo kuliko chembe nyekundu ya damu. Faili lina uzito wa terabaiti 5.6.

Sasa jaribu kulihifadhi faili hilo kama JPEG. Haiwezekani. JPEG imetenga baiti 2 tu za kuandikia upana na baiti 2 za kimo, na namba kubwa kuliko zote inayoingia humo ni 65,535. Ungehitaji JPEG 15 kwa upana na 12 kwenda chini, jumla 180. WebP ndiyo finyu zaidi, ukomo wake ni pikseli 16,383 kila upande.

Basi simu yangu iliifunguaje? Jibu ni kwamba haikuifungua. Makumbusho waliikata picha vigae vidogovidogo, tena kwa ngazi nyingi za ukubwa, na mtazamaji hutumiwa vigae vinavyotosha kioo chake tu. Ukiutazama mchoro mzima, unapewa nakala ndogo iliyopunguzwa kwa uangalifu. Ukilikuza jicho la kapteni aliyechorwa humo mpaka nyufa za rangi zionekane, vinakuja vigae vya jicho, na mengine yote yanabaki Amsterdam. Nilipolielewa hilo nilikaa kimya kidogo. Picha nzito namna ile haitumwi nzima kwa mtazamaji, na mimi nilikuwa namtumia msafiri mwenye bando la siku kitanda kizima chenye pikseli milioni 24.

Kwa upande wa kamera, taji liko Chile, juu ya mlima Cerro Pachón, katika kituo cha Vera C. Rubin. Kamera yake ya kupiga picha nyota ina megapikseli 3,200, na picha zake za kwanza zilitolewa Juni 2025. Hiyo tuwaachie wanafalaki.

Mwisho kabisa wa foleni, upande wa udogo, yupo mtoto mchanga. Mwaka 1957 Russell Kirsch na wenzake katika National Bureau of Standards, Marekani, walitengeneza kifaa cha kuingiza picha kwenye kompyuta, na picha waliyoijaribia ilikuwa ya Walden, mwanawe Kirsch, akiwa na miezi mitatu. Upana pikseli 176, kimo 176. Zidisha, unapata 30,976, kwa kuwa kumbukumbu ya kompyuta yao haikubeba zaidi. Tena kila pikseli ilijua mambo mawili tu, nyeusi au nyeupe, na vivuli vya kijivu vilipatikana kwa kuipitisha picha zaidi ya mara moja kwa viwango tofauti vya mwanga na kuunganisha matokeo. Isogelee, utaona miraba mitupu. Rudi nyuma hatua mbili, mtoto anakutazama. Kirsch mwenyewe hakuwahi kuipenda hiyo miraba. Akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80 alikuwa bado anatafuta namna ya kuacha pikseli za mraba alizotuachia.

Nampenda mtoto yule kwa sababu picha yake inanikumbusha kosa langu la pili. Baada ya aibu ya chumba, nilikimbilia kupunguza. Programu niliyotumia ilipunguza kwa kuruka, ikichukua pikseli moja na kutupa zinazofuata, badala ya kuchanganya zote na kutoa wastani. Ukutani hukuona tofauti. Balaa ilikuwa kwenye neti. Yale matundu madogo yaliyojipanga kwa mistari yakagombana na mistari ya pikseli, na juu ya kitanda pakatokea mawimbi makubwa ambayo chumbani hayakuwepo, kama maji yanayotembea. Mkeka nao ulifanya hivyohivyo. Makuti, mikeka, vikapu, neti: vitu vyenye mpangilio wa kujirudia ndivyo vinavyomuumbua mpunguzaji mbovu, na pwani yetu imejaa vitu hivyo. Siku hizi, kabla ya kuiamini programu yoyote, naipa picha ya mkeka.

Picha ya kwanza kwenye wavuti? Hapo pana ugomvi. Inayotajwa sana ni ya Les Horribles Cernettes, kikundi cha akina dada walioimba nyimbo za utani kuhusu fizikia katika maabara ya CERN, iliyopigwa na Silvano de Gennaro mwaka 1992 na kupandishwa kwa ombi la Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti. Wapo wanaosema zilizotangulia zipo, na mimi sitaki kuwa mwamuzi. Kinachonivutia ni kwamba ilihifadhiwa kama GIF, fomati iliyozaliwa katika kampuni ya CompuServe mwaka 1987, ambayo haibebi zaidi ya rangi 256 kwa picha moja. Uso wa mtu una vivuli vingi kuliko hivyo, kwa hiyo mashavu hutoka na madoadoa. Kwa nembo yenye rangi nne haina shida. Kwa harusi, hapana.

Na sasa mzee wa kazi. Kati ya fomati za picha za kamera zinazotumika mtandaoni, iliyodumu kuliko zote ni JPEG, iliyopitishwa rasmi mwaka 1992. Moyo wake ni hesabu aliyoibuni Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyekuwa akifundisha Kansas. Aliomba fedha za utafiti mwaka 1972, akanyimwa. Akaendelea hivyohivyo, na mwaka 1974 akaichapisha pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao. Vijana waliokuja kuing'oa JPEG kitini wamepata taabu. WebP ilitangazwa mwaka 2010 na ikangoja muongo mzima ndipo kivinjari cha Safari kikaikubali. AVIF ya mwaka 2019 inabana vizuri kuliko zote mbili, ila kuitengeneza huchukua muda. JPEG XL iliondolewa kwenye Chrome kabla watu hawajaijua.

Kinachofanywa na JPEG utakiona ukiipiga picha kanga. Kwanza inatenganisha mwanga na rangi. Mwanga inauacha ulivyo, lakini rangi mara nyingi inaipunguza, pikseli nne zikigawana rangi moja, kwa kuwa jicho la binadamu ni kali kwenye mwanga na zito kwenye rangi. Hapo tu nusu ya mzigo imeshuka. Kisha inakata picha vigae vya pikseli 8 kwa 8, na ndani ya kila kigae inapima nini kinabadilika polepole na nini kinabadilika ghafla. Mabadiliko madogo ya ghafla inayafuta au kuyakadiria. Angani hutaona kitu. Mchangani pia. Lakini njoo kwenye jina la kanga, yale maandishi ya herufi nene juu ya pindo: ukingo wa herufi ndiyo ghafla yenyewe. Ukibana kupita kiasi, kila herufi inazungukwa na vumbi linalocheza, ambalo mafundi wa Ulaya na Marekani wameliita kelele za mbu, na jina hilo halihitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote aliyelala bila neti. Nyekundu nayo inavuja ukingoni, inaingia kwenye nyeupe kama kitambaa kilichochuja rangi kwenye maji ya kwanza.

Muuzaji mmoja wa kanga alinilalamikia kwamba wateja wake hawasomi majina. Walikuwa hawayaoni! Tuliifunga ile hesabu ya kupunguza rangi, tukapandisha kipimo cha ubora kidogo, na pindo tukalipiga picha peke yake. Kipimo cha 100, kwa taarifa yako, bado kinapoteza kitu. Kinachoongezeka zaidi ni uzito. Asiyetaka kupoteza hata tone, kwa nembo au maandishi ya skrini, atumie PNG, iliyoanza kutengenezwa Januari 1995 baada ya kampuni ya Unisys kudai haki ya hesabu iliyomo ndani ya GIF. Lakini picha ya kamera ndani ya PNG ni gunia la mchanga.

Rekodi ya kupendwa huwa inanichekesha. Tarehe 4 Januari 2019 mtu aliweka Instagram picha ya yai, yai tu, la kahawia, juu ya weupe, na lengo likiwa kuvunja rekodi ya Kylie Jenner ya kupendwa mara milioni 18. Siku chache baadaye likaivunja, na likakaa kileleni hadi Desemba 2022, Lionel Messi alipoweka picha zake na Kombe la Dunia. Instagram ya wakati huo haikuonyesha picha kwa upana unaozidi pikseli 1,080. Hakuna aliyelalamika kwamba yai lina ukungu.

Ipo rekodi nyingine isiyoandikwa popote, ya picha iliyobanwa mara nyingi kuliko zote, na nina hakika iko kwenye simu ya mtu hapa mjini. Ni nembo ya duka. Mchoraji aliituma kwa WhatsApp, bosi akaipiga skrinishoti, akaiweka kwenye grupu, mpwa akaipakua, akaikata pembe, akamtumia mtu wa tovuti. Karibu kila kituo kimeihifadhi upya, na kila kuhifadhi upya kwa JPEG ni kukadiria makadirio. Kitufe cha HD cha WhatsApp kilichokuja mwaka 2023 kinapunguza hasara, hakiifuti. Kwa hiyo ninaomba faili la kwanza kabisa, litumwe kama dokumenti, hapo halibanwi. Wengine huniona msumbufu. "Si picha ni ileile?" Si ileile, bosi.

Nilirudi kwenye picha ya chumba nikiwa na akili mpya. Pikseli 6,000 kwa 4,000 zilikuwa zinaonyeshwa kwenye simu yenye upana wa 1,080, yaani kwa kila pikseli moja iliyoonekana zilisafiri zaidi ya 30. Nilichukua faili la kamera, si lile la tovuti. Rangi zake zilikuwa za Adobe RGB, na hapo nikagundua kwa nini bahari ya dirishani ilikuwa imepauka. Ile alama inayokiambia kivinjari jinsi ya kuzisoma rangi ilikuwa imefutwa wakati wa kupandisha, kivinjari kikazisoma kama sRGB, na ule ubuluu wa kijani ukawa maji ya kufulia. Nikazihamishia sRGB kwanza. Nikapunguza mara moja tu, kwa wastani, nikatoa saizi tatu ili kila kioo kichukue inayokitosha, nikanoa kingo kidogo baada ya kupunguza wala si kabla, nikabana, nikaikagua neti.

Jioni mteja alinipigia. Alitaka kujua ile kamera mpya nimekodi kwa nani, na kama gharama yake imo kwenye bei tuliyopatana.