Sufu ya Kuazima kwa Wapagazi wa Kilimanjaro

Mpagazi anayeanza safari geti la Machame, mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, huanza akitokwa na jasho. Mzigo wa kampuni unaweza kufika kilo 20, msitu umejaa unyevu, na fulana yake ya pamba inalowa kabla jua halijafika utosini. Siku chache baadaye mtu huyohuyo yuko kambi ya Barafu, karibu mita 4,670. Kwa kawaida hewa hupoa nyuzi sita hivi za Selsiasi kwa kila mita elfu moja unazopanda, kwa hiyo kati ya geti na kambi hiyo kuna tofauti ya nyuzi 17 au zaidi, upepo na usiku bado havijahesabiwa. Mgeni aliyemwajiri amekuja na nguo za kila tabaka. Mpagazi mara nyingi amekuja na alichojaliwa kukipata. Ninaamini nguo za joto zinapaswa kuhesabiwa pamoja na hema na sufuria, yaani vifaa vya kazi vinavyowekwa ghalani na kuazimwa kila safari, na kwamba sufu ndiyo inayofaa zaidi kuwa msingi wa ghala hilo.

Tuanze na jinsi baridi inavyofanya kazi. Nguo haizalishi joto. Kinachomkinga mtu ni hewa iliyotulia ndani ya nguo. Maji yakiingia mahali pa hewa hiyo, joto hupita kutoka mwilini kwa kasi inayozidi mara ishirini. Pamba hunywa jasho, nyuzi zake hulegea na kugandana, kisha kitambaa hulala juu ya ngozi bila nafasi yoyote katikati. Mtu akiwa anatembea na mzigo hatambui, maana misuli inamchemsha. Hatari huja anapotua mzigo. Wapagazi hufika kambini kabla ya wageni ili wasimamishe mahema, na saa ile ya kusimama, fulana ikiwa bado mbichi mgongoni, ndipo mwili unapoanza kutetemeka. Unyuzi wa sufu umejikunja kwa asili, kwa hiyo hata ukilowa haulali kabisa, na hewa kiasi hubaki. Tena unaweza kunyonya mvuke wa maji unaokaribia theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi majimaji, na wakati unaunyonya hutoa joto kidogo. Joto hilo ni la muda mfupi, si la kutegemewa usiku kucha. La kutegemewa ni kwamba sweta la sufu lenye unyevu bado linakinga, ilhali fulana ya pamba iliyoloa ni afadhali kuivua.

Wapo watakaosema kwamba dunia imeshaiacha sufu, na kwamba poliesta ni nyepesi, hukauka upesi na bei yake ni ndogo. Yote hayo ni kweli. Sufu iliyoloa chepechepe ni nzito na huchelewa kukauka, na haizuii upepo wala mvua. Juu yake lazima liwepo jaketi la kisasa lisilopitisha maji. Hata waliopanda Everest mwaka 1924 hawakutegemea sufu peke yake. George Mallory alivaa tabaka za hariri, pamba na sufu chini ya gabadini, na nakala za mavazi hayo zilipojaribiwa kwenye mlima huohuo mwaka 2006 zilionekana kufaa kwa mtu aliye mwendoni. Lakini hapa tunazungumzia nguo itakayovaliwa na watu wengi, na kipimo kinabadilika. Poliesta hushika harufu ya jasho hata baada ya kufuliwa. Sufu ikianikwa hewani huachilia sehemu kubwa ya harufu hiyo. Kisha kuna moto. Mpishi na msaidizi wake hukaa saa nyingi wameinamia jiko ndani ya hema. Poliesta na nailoni zikiguswa na moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Sufu huwaka kwa shida, huungua ikawa makaa, na haiyeyuki.

Tatizo la kweli ni kuipata. Kondoo mwekundu wa Kimasai, anayefugwa sana kwetu, ana nywele na si sufu, na fulana mpya ya merino ina bei isiyomhusu mpagazi. Lakini marobota ya mitumba huleta masweta ya sufu kila msimu, na kwa kuwa mijini joto ni kali hayagombaniwi sana. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, uwashe ukiwa umeushika kwa kibanio. Sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu jeusi linalosagika kati ya vidole. Pamba hunuka karatasi. Poliesta hujikunja ikawa tone gumu kama shanga. Kama uzi umeacha jivu na shanga pamoja, ni mchanganyiko, nao pia una kazi yake. Sweta likiwasha shingoni, nyuzi zake ni nene. Livaliwe juu ya fulana nyembamba.

Kwa nini basi yaazimwe, yasigawiwe? Swali hili linastahili jibu la kina, kwa sababu desturi ya kugawa imeshamiri. Safari inapokwisha wageni huacha glovu, kofia na masweta kwa waliowabebea mizigo, mara nyingine kwa bahati nasibu. Ni ukarimu wa dhati, na aliyepewa ana haki ya kuuza alichopewa. Mwenye ada ya shule ya kulipa atauza, na hakuna wa kumlaumu. Ila nguo hiyo imeshaondoka mlimani, na safari ijayo mtu mwingine atapanda bila sweta. Hata isipouzwa, mpagazi anayepata safari moja kwa mwezi hulitumia sweta wiki moja na kulikunja wiki tatu, wakati jirani yake yuko njiani akitetemeka. Anachohitaji nyumbani ni malipo kamili na bakshishi ya fedha. Mjini Moshi mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, unaofahamika kama KPAP na ulioanza mwaka 2003, umekuwa ukiwaazima nguo za mlimani bila malipo. Njia ipo, na inafanya kazi.

Pingamizi linalosemwa kwa sauti ya chini ni la usafi: nani atapenda kuvaa lililotoka mwilini mwa mwingine? Wasiwasi huo una msingi, na unatatulika. Utitiri wa upele, yaani yule mdudu mdogo anayechimba ngozi, kwa kawaida hamalizi zaidi ya siku mbili tatu nje ya mwili wa mtu, na chawa wa mwilini hufa ndani ya wiki hivi. Mayai ya chawa hudumu zaidi, kwa hiyo sweta lifungiwe kwenye mfuko wiki kadhaa kabla ya kufuliwa, hadi wote wamekwisha. Maji ya moto yangefanya kazi haraka zaidi, lakini yangeliharibu: magamba ya unyuzi hushikana na sweta la mtu mzima hutoka likimtosha mtoto. Lifuliwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, likamuliwe bila kusokotwa, lilazwe bapa kivulini, maana likining'inizwa huvutika. Nondo hutaga kwenye sufu chafu, hivyo lihifadhiwe safi na kukaguliwa. Soksi na nguo zinazogusa sehemu za siri zisiingizwe kwenye zamu hii. Hizo kila mtu awe na zake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ghala la kuazima huwapa makampuni mwanya wa kukwepa wajibu. Nalichukua kwa uzito, kwa sababu misaada ya wageni ikijaza ghala, mwajiri anaweza kuona kwamba baridi ya wafanyakazi wake haimhusu. Jibu langu ni kwamba gharama za ghala zihamie kwake. Kampuni inayonunua mahema na mitungi ya gesi inaweza kununua masweta ya mitumba, kumlipa mfuaji, na kuandika kwenye daftari nani amechukua nini. Nguo ikipotea, hasara iwe ya kampuni kama hema likichanika, isikatwe kwenye ujira. Na ukaguzi unaofanywa getini, pale mizigo inapopimwa kwenye mizani, uangalie pia kama kila mpagazi ana sweta, kofia na jaketi la mvua kabla hajaruhusiwa kupita.