REDIO MPYA GARINI: NYAYA KWANZA, SAUTI BAADAYE

Aghalabu gari la familia katika miji ya Afrika ya Mashariki huwa limekwisha kutumika Japani kabla ya kuvuka bahari. Usukani wake uko kulia, kama itakiwavyo Uganda, Kenya na Tanzania, lakini redio yake imetengenezwa kwa ajili ya kwao. Huko masafa ya FM yalianzia megahezi 76 na kuishia 90, na hata yalipoongezwa yalifika 95 tu. Huku stesheni hutangaza kati ya 88 na 108. Kwa hiyo mwenye gari hupata stesheni chache za mwanzo, nyingine zote zikampita.

Ziko dawa mbili. Ya kwanza ni kijisanduku kinachofungwa kwenye waya wa antena ili kuyashusha masafa ya juu hadi pale redio inapoweza kuyanasa. Bei yake ni nafuu, lakini namba inayoonekana si ya stesheni yenyewe, na mara nyingi masafa yote hayapatikani. Ya pili ni kuiondoa redio ya kiwandani na kufunga nyingine. Hapo ndipo uangalifu unapohitajika.

FYUZI NA BETRI

Redio ya kununua dukani kwa kawaida huwa na nyaya tatu za umeme. Waya wa njano huleta umeme wa betri wakati wote, ili redio isisahau saa na stesheni. Mwekundu hupata umeme ufunguo unapowashwa. Mweusi huungwa kwenye bodi ya gari.

Fundi mwenye haraka huufunga wa njano na mwekundu pamoja. Redio italia, lakini haitazimika kwa ufunguo, nayo ikisahauliwa huinyonya betri usiku kucha. Askari akiitwa kazini alfajiri, au mtoto akizidiwa na homa usiku wa manane, gari haliwaki.

Kosa kubwa zaidi ni la fyuzi. Kazi ya fyuzi ni kukatika ili waya usiungue. Anayeweka kipande cha waya mahali pake, au fyuzi yenye nguvu kuliko iliyoagizwa, hukaribisha moto nyuma ya dashibodi, nao huwaka bila kuonekana.

KAZI ILIYO SAFI

Fundi mwema hufungua kwanza waya wa hasi wa betri. Kisha hutumia soketi inayolingana na gari, asikate nyaya za kiwandani. Waya wa hasi wa spika hauungi kwenye bodi, kwani kufanya hivyo huweza kuiua redio mpya. Kila kiungo hufunikwa vyema.

Kabla ya kulipa, mwenye gari na asikilize kila spika peke yake. Kisha azime ufunguo: redio lazima inyamaze. Auwashe tena: stesheni zilizowekwa lazima ziwepo. Mwisho aichukue redio ya zamani aihifadhi nyumbani, kwa maana soketi zikiwa nzima yaweza kurudishwa siku yoyote.

Wahenga walinena kwamba rahisi huvunja upishi. Ufundi wa bei ya chini huweza kuligharimu gari zima, pamoja na waliomo ndani yake.